Mkutubi Amjue Mtoto: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Huduma za Maktaba

Kwa Wajumbe wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kwa Wakufunzi wa Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, Bagamoyo.

Waheshimiwa,

Ombi langu nalitanguliza, ili asiye na nafasi ya kusoma barua nzima alipate mapema. Naomba kila mwanafunzi wa ukutubi anayehitimu Bagamoyo awe amejifunza, kwa nadharia na kwa vitendo, jinsi mtoto anavyokua tangu kuzaliwa hadi miaka 5, na jinsi ya kufanya kazi na mama, baba, bibi au dada wa kazi anayemlea mtoto huyo. Naomba pia watumishi walioko kazini leo, katika maktaba za mikoa na wilaya, wapewe mafunzo hayohayo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Kila Januari napokea watoto waliovaa sare moja, lakini ukiacha sare hakuna kingine wanachofanana. Mmoja anakusimulia safari ya kwa bibi yake toka stendi hadi waliporudi, anashika kitabu inavyotakiwa, anauliza kwa nini picha ya samaki haina maji. Mwenzake wa mtaa uleule, mzima wa afya na mwenye akili timamu, ukimwuliza jambo anainamisha kichwa, kwa sababu hajazoea kuulizwa na mtu mzima na kusubiriwa ajibu. Pengo hilo halikuzaliwa darasani. Linakuja limeshakomaa, na mimi na wenzangu tunahangaika kulipunguza tukiwa na watoto wengi na mwaka mmoja tu.

Kabla ya mwaka huo mmoja wa elimu ya awali, mtoto wa Kitanzania ana nani upande wa umma? Ana kliniki. Anapimwa uzito, anachanjwa, kadi inajazwa, mama anarudi nyumbani. Mwenye uwezo atamlipia kituo cha kulelea watoto mchana. Asiye na uwezo anabaki na mtoto wake nyumbani, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuzungumza na mtoto wa miezi 6 ni kazi yenye faida, kwani wengi wetu tumelelewa tukiamini mtoto huanza kujifunza akishajua kusema. Kumbe kabla ya hapo ndipo kazi kubwa inapofanyika. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard wanakadiria kwamba katika miaka ya mwanzo ubongo wa mtoto huunda miunganisho mipya zaidi ya milioni moja kwa kila sekunde. Inayobaki na kuimarika ni ile inayotumika: mtoto anatoa sauti, mlezi anamwitikia, mtoto anaendelea.

Maktaba ni nyumba ya umma. Haidai sare wala haimfanyii mtoto usaili. Ndiyo maana naiona kuwa mahali panapofaa kwa familia hizi, na ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Chukueni mama aliyetoka sokoni na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Jua ni kali, mlango wa maktaba uko wazi, anaingia. Mtumishi aliyefunzwa kutunza vitabu peke yake anaona hatari imeingia: kitabu kitachanwa, wasomaji watapigiwa kelele, sakafu italowana. Anamweleza mama, kwa upole kabisa, kwamba sehemu ya watoto ni ya wale wanaojua kusoma. Mama anasema ahsante, anatoka, na hatarudi tena. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Mtumishi ametenda sawasawa na alivyofunzwa.

Mpeni sasa mama huyohuyo mtumishi mwingine, katika chumba kilekile, na vitabu vilevile. Huyu anamwonyesha jamvi lililotandikwa kwenye kona, anamkaribisha akae, anauliza jina la mtoto na kumwamkia kwa jina hilo. Hamwulizi mama kama anajua kusoma. Anatoa kitabu cha picha na kumpa mtoto, na mtoto anakitia mdomoni. Mtumishi hashtuki, kwa sababu amejifunza kwamba mtoto wa umri huo huchunguza vitu kwa mdomo kama anavyochunguza kwa macho. Anafunua ukurasa wenye picha ya mbuzi, kisha ananyamaza. Ananyamaza kwa muda ambao mtu asiyejua ataona ni mrefu mno. Mtoto ananyoosha kidole. “Ee, mbuzi! Mbuzi analiaje?” Mtoto anajaribu kulia kama mbuzi, mama anacheka, na hapo mtumishi anamkabidhi mama kitabu na kusogea pembeni. Mama anaondoka akiwa ameazima kitabu, na zaidi ya kitabu amejifunza jambo atakaloweza kulifanya akichambua mchicha au akingoja daladala.

Kukaa kimya na kusubiri kidole cha mtoto ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa. Ushahidi wake una umri wa kutosha. Mwaka 1988, huko New York, Grover Whitehurst na wenzake waligawa wazazi wa watoto wadogo makundi mawili. Makundi yote yaliwasomea watoto vitabu nyumbani kwa mwezi mmoja. Tofauti ni kwamba kundi moja lilipewa mafunzo mafupi: muulize mtoto maswali yanayomtaka aeleze, lipanue jibu lake, msifie, mpe zamu. Mwezi ulipokwisha, watoto wa kundi hilo walikuwa wamewapita wenzao katika kuzungumza. Vitabu vilikuwepo kwa wote, na kusomewa kulikuwepo kwa wote. Kilichowatenganisha ni namna.

Na kama kuna mtu atasema hayo ni ya Marekani, basi tuangalie Khayelitsha, kitongoji cha watu wa kipato cha chini pembezoni mwa Cape Town. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia walezi wa watoto wa miezi 14 hadi 16 waliofunzwa kwa wiki 8, katika vikundi vidogo, jinsi ya kuangalia kitabu cha picha pamoja na mtoto. Watoto hao waliongeza maneno wanayoyaelewa na wanayoyasema, na uwezo wao wa kutuliza akili kwenye jambo moja ulipanda. Walezi nao walizidi kuwa wepesi wa kutambua mtoto anataka nini. Mlezi hahitaji kujua kusoma vizuri ili kufanya hivyo, maana picha hazina alfabeti. Kinachotakiwa ni mtu mmoja aliyefunzwa, chumba, na vitabu vichache. Vitabu na vyumba maktaba zetu za mikoa zinavyo. Mtu ndiye ninayemwomba.

Msije mkadhani naitaka taasisi yenu iache asili yake. Bodi hii ilitokana na sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku taifa lilipotimiza miaka 6 ya uhuru. Haukupita muda mrefu, kampeni ya elimu ya watu wazima ikaanza. Mwaka 1970 takriban asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walikuwa wamebaki asilimia 39. Ilionekana wazi kwamba mkulima aliyejifunza kusoma jana atasahau kesho asipokuwa na cha kusoma, na maktaba za vijijini zikaanzishwa kwa ajili yake. Huyo hakuwa msomaji ambaye ukutubi wa kikoloni ulimfikiria. Mlimfuata kwa sababu taifa lilimhitaji. Mtoto wa miaka 2 leo yuko pale alipokuwa mkulima yule: anaihitaji maktaba, na maktaba haijamzoea.

Nchi hii imewahi pia kufunza watu wengi kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, iliandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na watu wazima wapatao milioni 2 wakashiriki. Watumishi wa maktaba nchini ni wachache mno wakilinganishwa na idadi hiyo. Kwa hiyo ukubwa wa kazi usiwe hoja.

Sasa niseme mafunzo yenyewe yawe na nini, maana neno mafunzo limechoshwa na semina. Mkutubi aanze kwa kumjua mtoto mwenyewe: mtoto wa miezi 4 anaona nini na anapenda sauti gani, wa mwaka mmoja kwa nini anaangusha kitu kilekile mara 20, wa miaka 2 kwa nini anakataa kila kitu, wa miaka 4 kwa nini anataka hadithi ileile kila siku bila neno hata moja kubadilishwa. Mtu asiyejua haya atamwona mtoto mtundu. Anayejua ataona mtoto yuko kazini.

Halafu ajifunze kuongoza kipindi cha watoto wadogo na walezi wao. Chama cha maktaba za umma na chama cha huduma za maktaba kwa watoto nchini Marekani vilianzisha mwaka 2004 mpango wa kuwaandaa watoto kusoma, vikauboresha mwaka 2011, na vikaukalisha juu ya mambo matano ambayo mzazi yeyote anayaweza: kuongea, kuimba, kusoma, kuandika na kucheza. Ukiyatazama, mengi tunayo tayari. Nyimbo za kubembeleza zipo katika kila kabila. Michezo ya viganja ipo. Vitendawili vipo, na hadithi inayoanza kwa paukwa na kujibiwa pakawa inamfundisha mtoto zamu ya kusema na zamu ya kusikiliza. Bibi wa Kizaramo anayejua nyimbo 30 za watoto ni hazina kubwa kuliko kabati la vitabu vya msaada vinavyozungumzia theluji. Mkutubi afundishwe kumtafuta bibi huyo, kumkalisha kwenye kiti cha heshima, na kumwachia jamvi.

Jambo la lugha nalo lisemwe bila kuogopa. Mama anayeishi Magu na kuzungumza Kisukuma nyumbani asiambiwe maktabani kwamba anamchelewesha mtoto. Lugha ambayo mlezi anaimudu, anayoweza kusimulia, kuimba na kutania kwayo, ndiyo inayomjenga mtoto wa miaka 2. Kiswahili atakipata kwa watoto wenzake, na shuleni atakikuta. Nawajua wazazi waliokuwa wakizungumza na watoto wao Kiingereza cha kuokoteza, maneno kumi yaleyale kutwa nzima, huku lugha yao yenye utajiri imefungiwa. Mtu wa kuwatoa hofu, kwa heshima na kwa maelezo, anahitajika sana.

Sehemu ngumu zaidi ya mafunzo haya, kwa maoni yangu, ni kuzungumza na familia. Kumpenda mtoto ni rahisi. Kumwambia mama wa watu jambo kuhusu mtoto wake, bila kumfanya ajione ameshindwa, ni kazi inayotaka mazoezi. Mtumishi ajue kuanza na lile jema aliloliona mama akilifanya. Asihutubie. Asidhani kila mlezi ni mama, maana baba wengi hawaji kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaita, na kipindi cha Jumatano saa 4 asubuhi kinamwacha nje kila mwenye kibarua. Dada wa kazi, ambaye mara nyingi ndiye anayekaa na mtoto kutwa, na mara nyingi ni msichana mdogo aliyetoka kijijini, apewe kadi ya uanachama na aheshimiwe kama mlezi. Hakuna mpango wa malezi mijini utakaofaulu ukimruka huyu.

Mkutubi si daktari, na asijifanye hivyo. Lakini mtu anayekutana na watoto wengi huona mapema asichokiona mzazi mwenye mtoto mmoja: mtoto asiyegeuka akiitwa, asiyemtazama mtu usoni, mwenye miaka 2 na bado hana neno hata moja. Ajue la kusema, na ajue kliniki gani ya kumwelekeza. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kimefundisha walimu wa elimu maalumu kwa miaka mingi. Wakufunzi wake wangefaa kuja Bagamoyo kwa sehemu hii. Vilevile mtumishi ajue Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasemaje, na ajue ofisi ya afisa ustawi wa jamii iko wapi, siku atakapoona alama za kipigo kwenye mwili wa mtoto. Mahali popote panapokaribisha watoto bila kuwawekea ulinzi si mahali salama, hata pakipambwa vipi.

Haya yote hayafundishiki kwa maneno matupu. Mwanafunzi apelekwe kliniki, akae kwenye benchi na akina mama siku ya kupima uzito. Apelekwe darasa la awali. Na kwa walio kazini, siku chache za semina zifuatiwe na mkufunzi anayewatembelea, anayekaa nao jamvini na kuwasahihisha kwa upendo. Semina ya hotelini inayokwisha kwa cheti na picha ya pamoja haibadilishi lolote. Nimehudhuria za kutosha kulisema hili.

Mfano wa kufuata tunao jirani, pwani ya Kenya. Mwaka 1986, Mombasa, chini ya mpango wa Aga Khan Foundation, mwalimu Bi Swafiya Said alianza kuwafunza wanawake wa kawaida, wasio na ualimu, kuwa walimu wa watoto wadogo katika shule za awali zilizoambatana na madrasa. Vifaa vyao vilikuwa kombe, vifuu, vizibo na vitambaa. Hawakuachwa baada ya mafunzo ya mwanzo. Waliendelea kufuatwa huko huko madarasani. Mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Kama wanawake wale waliweza, mhitimu wa stashahada ya ukutubi atashindwaje?

Mtaniambia watumishi ni wachache. Ni kweli, na sitaki mtumishi mmoja anayefungua mlango, kuorodhesha vitabu na kukusanya ada aongezewe mzigo mwingine bila saa zake kupangwa upya. Saa mbili kwa wiki, zilizotangazwa na kuheshimiwa, zinatosha kuanzia. Katika saa hizo sheria ya ukimya ilegezwe, na msomaji wa mtihani aelezwe mapema. Mtaniambia vitabu vya Kiswahili kwa watoto chini ya miaka 3 ni haba. Hilo nalo ni kweli. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, na wachapishaji wetu kama Mkuki na Nyota wametupa hadithi nzuri, lakini vitabu vya kurasa ngumu vinavyostahimili meno na mate ni vya kutafuta. Mkutubi aliyefunzwa anaweza kuvitengeneza pamoja na wazazi, kwa vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani, picha za magazeti na maboksi. Na Bodi, kama mnunuzi mkubwa wa vitabu, ikiwaambia wachapishaji kwamba itavinunua, vitachapishwa.

Milango ya kushirikiana iko wazi. Mwaka 1992 mjini Birmingham, Uingereza, mpango wa Bookstart ulianza na familia 300 tu: mtoto aliyepelekwa kupimwa afya akiwa na miezi 7 hadi 9 alipewa mkoba wenye kitabu, na mama akaelekezwa maktaba ya karibu. Kwetu kliniki imejaa kila wiki. Mkutubi mmoja kwenye benchi lile, na boksi la vitabu 20, anawafikia akina mama wengi kuliko atakaowapata kaunta kwa miezi.

Serikali yenyewe imeshatangaza nia. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021, ikapangiwa miaka mitano, 2021/22 hadi 2025/26. Imejengwa juu ya nguzo tano zilizotolewa na mashirika ya kimataifa mwaka 2018: afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za ujifunzaji wa awali. Mbili kati ya hizo, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali, ni kazi ambayo maktaba inaiweza kuliko zahanati iliyozidiwa na wagonjwa. Nawasihi mkae mezani na Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ili katika mpango unaofuata maktaba itajwe kwa jina, ipewe kazi yake na fungu lake.

Ninachowaomba mkifanye kwanza ni hiki. Chuo cha Bagamoyo kinapopitia mtaala wake, somo la makuzi ya awali na ushirikishaji wa familia liwe la lazima, si la kuchagua, lenye mafunzo kwa vitendo na mtihani. Bodi iteue maktaba tatu za mikoa, kwa mfano Morogoro, Mwanza na Mbeya, ifunze watumishi wake wote kuanzia mkuu wa maktaba hadi mlinzi wa getini, kwa sababu mlinzi ndiye anayeamua kama mama mwenye mtoto anaingia. Baada ya mwaka, itangaze hadharani familia ngapi zilikuja, ngapi zilirudi, na watumishi wenyewe wanasemaje. Walimu wa awali tuko katika kila kata, na wengi wetu tuko tayari kufundisha, kusaidia vipindi na kuleta wazazi. Tuiteni.

Wenu katika malezi,
Mwalimu wa darasa la awali, Morogoro